Ndimi Elfu Mbili, Uso Mmoja: Tafakari juu ya Sura ya Kristo katika Sinema

Wengi wetu tuliowekewa mikono kwa kazi ya uchungaji tumewahi kusimama gizani mbele ya shuka jeupe lililofungwa kati ya miti miwili, jenereta ikinguruma nyuma ya kanisa, tukiongoza sala kabla ya sinema ya Yesu kuanza. Sinema hiyo ilipigwa nchini Israeli na kutolewa mwaka 1979. Imefasiriwa katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na hapana shaka kwamba vijijini kwetu imeonwa na watu wengi kuliko waliowahi kusoma kitabu chochote cha ufafanuzi wa Injili ya Luka. Sina nia ya kuikebehi. Wapo wazee wa kanisa ambao safari yao ya imani ilianzia mbele ya shuka hilo, na mhakiki asiyemshukuru Mungu kwa ajili yao hana haki ya kuendelea na uhakiki wake. Lakini kitu kilichoingia ndani ya macho ya waumini kiasi hicho yapasa kipimwe. Sisi tulio wepesi kupima kila neno la wimbo mpya wa kwaya tumekuwa wazito mno kupima picha.

Ninalotaka kulipima hapa ni ugawaji wa nafasi za uigizaji: nani huchaguliwa amwigize nani katika masimulizi ya Biblia, kwa sura gani na kwa rangi gani. Swali hili hujadiliwa sana siku hizi katika nchi zinazotengeneza sinema, na mara nyingi hujadiliwa kana kwamba ni ugomvi wa kazi na mishahara tu. Kwa Kanisa ni swali la theolojia, kwa kuwa mhusika anayegombewa ndiye yule tunayemkiri kila Jumapili kwamba alifanyika mwili.

Tuanze na sinema yenyewe. Mtayarishaji wake alikuwa John Heyman, waongozaji wakiwa Peter Sykes na John Krish, nayo ilitengenezwa kwa kushirikiana na huduma ya Campus Crusade for Christ iliyoanzishwa na Bill Bright. Maneno yake yametoka katika Injili ya Luka karibu yote, na watengenezaji walijitahidi kufuata hali ya karne ya kwanza katika mavazi, nyumba na vyombo. Waigizaji walio wengi walikuwa wenyeji wa Israeli, wakiwamo Wayahudi wenye asili ya Yemeni. Mpaka hapo hapana la kulaumu. Lakini nafasi ya Yesu alipewa Brian Deacon, mwigizaji wa jukwaani kutoka Uingereza.

Matokeo yake hayahitaji jicho la mtaalamu. Zima sauti ya sinema hiyo, mwite mtoto ambaye hajafundishwa hadithi, umwulize ni nani aliye mkuu kati ya watu wale wanaotembea kando ya ziwa. Atakuonyesha bila kusita, naye hatakuwa ameongozwa na miujiza. Petro na wenzake wana nyuso za Mashariki ya Kati, na katikati yao anatembea mtu mmoja ambaye rangi na umbo lake vyatangaza kuwa ametoka kwingine. Bwana anatambulikana kwa weupe wake. Hivyo sinema iliyojifunga kutosema neno ambalo Luka hakulisema, imesema katika kila picha jambo ambalo Luka hakulisema hata mara moja.

Kwani Injili zote nne zimenyamaza juu ya sura ya Yesu. Hatuambiwi urefu wake, nywele zake wala macho yake. Tunachoambiwa ni kinyume cha sinema hiyo. Kule Bustanini, askari waliokuja na taa na silaha walihitaji kupewa ishara ili wajue wamkamate nani (Mk 14:44). Yuda alilazimika kumbusu kwa sababu, katika kundi la Wagalilaya, Mgalilaya huyu hakuwa na alama yoyote ya kumtenga. Yule mwanamke wa Samaria naye alimtambua mara moja kuwa Myahudi (Yn 4:9). Kama Yesu angekuwa na uso wa Deacon, busu lisingekuwa na kazi.

Hapa ndipo penye jambo la ajabu ambalo lilinifanya niandike. Sinema hii imebadilishwa ulimi mara zaidi ya 2,000. Watu wamefanya kazi ngumu ya kuchagua maneno yatakayolingana na mwendo wa midomo, wametafuta sauti za wenyeji, wamesafiri hadi kwa makabila yenye watu wachache sana ili nao wamsikie Kristo akinena kwa lugha ya mama zao. Ni kazi yenye harufu ya Pentekoste. Lakini katika ndimi hizo zote uso haukubadilika, wala sijui kama wengi walijiuliza habari zake. Ulimi ulihesabiwa kuwa kitu cha kufasiriwa, na uso ukahesabiwa kuwa kitu cha kweli tu, kisichohitaji mfasiri. Ukweli ni kwamba uso ule nao ulikuwa tafsiri, tena ya uhuru mwingi kuliko neno lolote lililopachikwa juu yake.

Sisi Walutheri tuna chombo cha kulipimia jambo hili, maana baba yetu wa imani alikuwa mfasiri. Mwaka 1530 Luther aliandika waraka wa kutetea tafsiri yake. Wapinzani walimshtaki kwamba katika Rum 3:28 ameongeza neno lenye maana ya "peke yake", ambalo halimo katika Kiyunani. Luther hakukana. Alikiri wazi kuwa neno hilo halimo, kisha akaeleza kwa nini lugha ya Kijerumani na nia ya Mtume vinalidai. Mtu aweza kukubali sababu zake au kuzikataa, lakini nyongeza ilikuwa mezani, mbele ya macho ya wote. Kipimo hicho ndicho ninachokiona kinafaa kwa uso wa Kristo katika sinema. Mwongozaji hawezi kukwepa kuongeza, kwa kuwa haiwezekani kupiga picha ya mtu asiye na uso. Basi na akiri kuwa ameongeza, na nyongeza yake ipimwe kama inatumikia nia ya Maandiko au inaipinga.

Kwa kipimo hicho, sinema ya 1979 haishindwi kwa sababu Deacon ni Mwingereza. Inashindwa kwa sababu haikiri. Mel Gibson, katika sinema ya mateso aliyoitoa mwaka 2004, alimchukua Jim Caviezel, Mmarekani, akambadilisha umbo la pua kwa ufundi na kuyageuza macho yake kuwa ya kahawia kwa kompyuta, na waigizaji wakasema Kiaramu na Kilatini. Ni juhudi, lakini juhudi ya kuficha. Na mwongozaji aliyeona kwamba pua hailingani, kwa nini hakumtafuta mwenye pua inayolingana? Ridley Scott alipompa Christian Bale nafasi ya Musa mwaka 2014, alieleza hadharani kwamba bila majina mashuhuri ya namna hiyo asingepata fedha za kazi kubwa kama ile. Jibu hilo lina unyofu kuliko pua ya bandia, ingawa ni unyofu wa mfanyabiashara.

Msomaji aweza kusema: haya ni mambo ya Wazungu na sinema zao, nasi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mbili, na ya kwanza imo ndani ya nyumba yetu wenyewe ya Kilutheri. Mwaka 1939, katika mji wa Eisenach, chini ya ngome ya Wartburg ambamo Luther alilifasiri Agano Jipya, wanatheolojia wa Kiprotestanti wa Ujerumani walifungua taasisi ya kuondoa kila dalili ya Uyahudi katika maisha ya kanisa lao. Kiongozi wao wa kitaaluma, Walter Grundmann, alifundisha kwamba Yesu, kwa vile alikuwa Mgalilaya, yaelekea hakuwa Myahudi. Mwaka 1940 walichapa Agano Jipya lao lililochujwa. Hawakuwa wachoraji wala watengenezaji wa sinema, bali walimu wa wachungaji, na kazi waliyoifanya ilikuwa kumvua mhusika uso wake na kumvisha uso wa taifa lao, wakati Wayahudi walipokuwa wakipelekwa kuuawa. Luther mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 1523 kijitabu cha kusisitiza kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi. Ni huzuni kwamba mwaka 1543 aliandika kingine cha kuwatukana Wayahudi vibaya mno, ambacho Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani lilitangaza rasmi mwaka 1994 kukikataa. Kwa hiyo mwanafunzi wa theolojia asidanganyike kwamba uso mweupe wa Yesu ni pambo lisilo na madhara. Umewahi kuwa na damu mikononi.

Sababu ya pili iko karibu zaidi. Katika usharika mmoja nilialikwa kutazama mazoezi ya igizo la Pasaka. Vijana walikuwa wamempa nafasi ya Yesu kijana mwenye weupe wa ngozi kuliko wenzake wote, mpole, asiye na sauti ya kufika hata benchi la tatu. Nafasi ya Ibilisi alipewa kijana mwingine, hodari, aliyepakwa masizi ya sufuria usoni na mikononi. Nilimwuliza mwalimu wa kwaya sababu ya masizi. Alinijibu kwa upole na kwa nia njema kabisa, "Baba Mchungaji, tusipompaka watu hawatamjua." Ndani ya jengo lile tulikuwa watu kama arobaini, na masizi yale hayakuwa meusi sana kuliko ngozi zetu. Sikuwa na la kumjibu siku ile.

Tangu siku hiyo nimetazama sinema za Biblia kwa swali lingine. Siangalii tena uso wa Yesu peke yake, bali jinsi rangi ilivyogawanywa mezani pote. Ni nani mweusi, naye amepewa kufanya nini?

Katika sinema kubwa ya George Stevens ya mwaka 1965, Yesu aliigizwa na Max von Sydow wa Sweden, na Simoni Mkirene na Sidney Poitier. Ilipotolewa, Poitier alikuwa amekwisha kupata tuzo ya juu ya waigizaji wa Hollywood, mtu mweusi wa kwanza kuipata kwa nafasi ya mwigizaji mkuu wa kiume. Katika sinema hii inayochukua saa tatu na zaidi, Poitier anatokea kwa muda mfupi, karibu bila neno, anabeba msalaba, anatoweka. Katika Yesu wa Nazareti wa Franco Zeffirelli, mwaka 1977, James Earl Jones alikuwa Balthazari, mamajusi mweusi, desturi iliyoletwa na wachoraji wa Ulaya mwishoni mwa zama za kati; Mathayo hataji rangi, wala jina, wala hata idadi ya mamajusi. Na katika sinema ya nyimbo ya Norman Jewison ya mwaka 1973, Ted Neeley alikuwa Yesu na Carl Anderson, mtu mweusi, alikuwa Yuda. Anderson aliimba vizuri kuliko wote na nafasi ya Yuda ndiyo nzito kuliko zote katika kazi ile, kwa hiyo asiseme mtu kwamba alidharauliwa. Lakini mtazamaji anatoka na picha ya mweusi anayemsaliti mweupe. Mbebaji, mleta zawadi, msaliti. Kila chaguo peke yake lina utetezi. Yakiwekwa pamoja yanafundisha katekisimu.

Hata hivyo Simoni Mkirene anastahili tukae naye kidogo, kwa kuwa habari zake si nyepesi kama mashtaka haya. Kirene ulikuwa mji wa Wayunani katika Libia, wenye jumuiya kubwa ya Wayahudi, na huenda sana kwamba Simoni alikuwa mmoja wao. Hakuna andiko lisemalo alikuwa mweusi. Waliompa weusi na kumpenda kwa huo walikuwa wengi, wakiwamo Wamarekani weusi wenyewe. Mwaka 1917 mchezo wa Ridgely Torrence juu ya Simoni ulichezwa New York na waigizaji weusi, wakati jukwaa la nchi ile lilikuwa likiwataka weusi kwa vichekesho tu, na mwaka 1920 kijana Paul Robeson alimwigiza Simoni huyo huyo huko Harlem. Kwao Simoni alikuwa mtu wa heshima, aliyesimama karibu na Kristo kuliko mitume waliokimbia. Poitier alirithi nafasi hiyo. Kosa la mwaka 1965 basi si kumfanya Simoni mweusi. Kosa ni kumfanya yeye peke yake kuwa mweusi mwenye sura ya kukumbukwa, na kumnyima ulimi. Marko anamjua hata watoto wake, Iskanda na Rufo (Mk 15:21), jambo linaloonyesha kwamba wasomaji wake wa kwanza waliwafahamu vijana hao. Na huko Antiokia, kati ya manabii na waalimu, Luka anawataja pamoja Simeoni aitwaye Nigeri na Lukio Mkirene (Mdo 13:1). Watu wa Afrika hawamo katika Agano Jipya kama wapagazi tu. Ni waalimu waliomwekea Paulo mikono.

Dhidi ya sinema hizo naweka moja ya Afrika Kusini, Mwana wa Adamu, ya mwongozaji Mark Dornford-May, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Andile Kosi ni Yesu, Pauline Malefane ni Mariamu, lugha ni Kixhosa, na mahali ni nchi iitwayo Yudea katika Afrika ya leo, yenye wanajeshi, vibanda vya mabati na redio zinazotangaza amani isiyokuwapo. Malaika ni watoto wenye manyoya ya ndege. Yesu hasulubishwi mchana; anatekwa, anauawa kwa siri na kufukiwa, kama wengi walivyofanyiwa chini ya ubaguzi wa rangi. Kisha mama yake anaupata mwili na kuupandisha msalabani mbele ya watu wote, ili uovu uonekane. Mwanatheolojia atakuwa na maswali yake hapo, na mimi ninayo. Lakini tazama ugawaji wa nafasi: Yesu ni mweusi, Yuda ni mweusi, Shetani ni mweusi, malaika ni weusi. Rangi imeacha kuwa alama ya wema au ubaya. Mtazamaji analazimika kumtambua Ibilisi kwa maneno yake, kama Luka alivyotaka (Lk 4:1-13). Hakuna anayehitaji masizi.

Je, Myahudi hakupotea humo? Amepotea kwa sehemu, na sitaki kuficha. Yesu wa Khayelitsha hana Torati mkononi wala hekalu la kulilia. Hata hivyo sinema hiyo haimdanganyi mtu. Hakuna atokaye akiamini kwamba Bwana alizaliwa kweli kati ya Waxhosa. Nyongeza iko mezani. Tena Yesu huyo anapitishwa jandoni, hali ambayo sinema nyingi za Ulaya, kwa haya zao, zimeiruka, ingawa Luka ameiandika kuwa siku ya nane (Lk 2:21). Siku si ile, desturi si ile, lakini mwili uliotiwa alama ya agano la watu wake unaonekana pale kuliko katika kanzu safi za Deacon.

Kwa maoni yangu mfano bora zaidi hauko katika sinema. Katika miaka ya 1970, Wakristo wa Kimafa kaskazini mwa Kameruni, wakiwa na mmisionari Mfaransa François Vidil, waliigiza wenyewe matukio ya Injili katika kijiji chao, wakapigwa picha, na picha hizo zikachorwa upya na msanii wa Kifaransa. Nakala zake zimetundikwa katika vyumba vingi vya katekisimu. Kabla ya mchoraji kushika brashi, wanakijiji waligawana nafasi wao kwa wao: jirani gani awe Zakayo, jirani gani awe mwana mpotevu. Mtu aliyewahi kugawa nafasi hizo hawezi kuchanganya uso wa jirani yake na uso wa Mwokozi. Anajua kwamba ni jirani.

Sishauri sinema ya 1979 iachwe. Nashauri atakayeiongoza asimame kabla ya taa kuzimwa na kusema wazi kwamba mtu watakayemwona ni mwigizaji wa Kiingereza, na kwamba Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya ambaye hakuna picha yake iliyosalia. Ni dakika mbili. Nimejaribu, na mzee mmoja alikuja baadaye kunilaumu, akisema nimemwondolea uso aliokuwa akiuona anapofumba macho kuomba. Lawama yake naibeba; sijui kama nilimtendea mema.

Vijana wa usharika ule wanafanya mazoezi tena mwaka huu. Wamesoma Mk 15:21, wakaamua kuwaweka watoto wawili wamfuate Simoni njiani, wawe Iskanda na Rufo, na Simoni amepewa maneno ya kusema, waliyoyatunga wenyewe. Nafasi ya Yesu amepewa yule kijana hodari, aliyekuwa na masizi safari iliyopita. Juu ya Ibilisi bado hatujakubaliana: wengine wanasema asionekane kabisa, isikike sauti tu, na mwalimu wa kwaya anauliza sauti hiyo itakuwa ya nani.